Tangi Liko Kushoto

Watu walimwita Kaidi, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Ukimwambia nje kunanyesha, anatoka kwanza alowe, ndipo arudi kukwambia kwamba huenda una hoja. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kucha zenye rangi hata baada ya kuoga, na kiburi ambacho kingegawiwa watu kumi kila mmoja angebaki na akiba.

Kazi yake ilikuwa kuchora. Na kuchora alijua, tuseme ukweli. Kaidi akikuchora umekaa, anayetazama picha anajua kama kiti kinakuuma. Lakini ukimwuliza nani alimfundisha, kifua kilitangulia kabla ya jibu.

"Hakuna. Mimi ni mti ulioota juu ya jiwe."

Maneno hayo yalimfikia mama yake, fundi cherehani aliyeushonea mtaa mzima kwa miaka thelathini, kuanzia nepi hadi suti za harusi. Mama alikata uzi kwa meno, akasema, "Ni kweli. Na hilo jiwe ndilo lililokuwa likimpikia uji."

Hapo ndipo palipomwasha Kaidi. Hakutaka kuitwa mtoto wa fundi. Si kwamba aliidharau kazi ya mama. Ila kila alipochora kitu kizuri hakukosekana mtu wa kusema, "Aa, si mtoto wa fundi huyu? Mikono ya mama yake hiyo." Na mikono yake mwenyewe je, ilikuwa ya kuazima? Basi akahama nyumbani, akapanga chumba nyuma ya karakana ya seremala, na kwa miaka minne hakukanyaga duka la mama, lililokuwa upande wa mbele wa nyumba. Kula alikula kwa mama, hilo halikuwa na mjadala, lakini aliingilia mlango wa nyuma, wa jikoni, kama paka.

Mwaka huo maktaba mpya ikajengwa mtaani, milango mitatu kutoka duka la mama yake, upande uleule wa barabara. Ndani ya chumba cha kusomea ukaachwa ukuta mmoja mtupu, mpana, mweupe kama shuka jipya. Tangazo likatoka: anatafutwa mchoraji wa kuujaza ukuta huo kwa picha ya mtaa wenyewe, na watu wake, na shughuli zake. Kila mchoraji alete kwanza mchoro wa karatasi.

Kaidi aliposoma tangazo, usingizi ulimhama. Aliingia maktaba akaupima ukuta kwa miguu: hatua kumi na nne! Maisha yake yote alikuwa amechora juu ya vitu ambavyo watu hukunja, huchana au hufungia karanga. Ukuta haufungiwi karanga. Mbele ya ukuta huu wangesimama wajukuu wa watu.

Akajifungia siku tisa. Hakutoka kwenda kuutazama mtaa hata mara moja. "Kukopi ni kazi ya mashine," alimwambia seremala. "Mtaa ninao kichwani."

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mkutubi, mwanamke wa sauti ya chini aliyezoea kunyamazisha watu kwa jicho. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye bado alitembea na kalamu nyekundu mfukoni. Na fundi baiskeli, mwakilishi wa wakazi, mtu wa tumbo na kicheko. Walimpokea katika ofisi ya nyuma ya jengo. Kaidi akautandaza mchoro wake mezani, karatasi tatu zilizogundishwa, ncha zikaning'inia pande zote mbili.

Wakainama wote watatu. Pale kwenye karatasi kinyozi alikuwa ameinamia kichwa cha mteja, na mteja amefumba macho kwa raha. Mchukuzi alisukuma mkokoteni, uso mzima ameukunjia upande mmoja. Mwanamke mmoja aligeuka nyuma kumcheka mtu ambaye hakuwepo pichani, na ukatamani kumjua ni nani.

"Wako hai hawa," mkutubi akasema polepole.

"Hai kabisa!" fundi baiskeli akadakia. "Na mimi huyu hapa! Tumbo hili nalijua." Kisha akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Lakini kijana, hii baiskeli nimeifanya nini? Cheni iko kushoto."

"Iko inapokaa."

"Cheni hukaa kulia. Nionyeshe baiskeli yenye cheni kushoto, nami nitalitafuna tairi lake bila chumvi."

Kalamu nyekundu ikatoka mfukoni. "Na tangi la maji umeliweka kulia," mwalimu akasema, "na kiwanda cha mikate kushoto. Mtu akisimama mlangoni hapa, tangi liko kushoto."

"Tangi liko kulia, Mwalimu."

"Kushoto."

"Heshima yako naitunza, Mwalimu, lakini mtaa huu nimezaliwa humu. Tangi hilo nimelitazama tangu sijaota magego. Usinifundishe mtaa wangu."

"Basi twendeni nje," mkutubi akasema, "tusibishane na karatasi."

Kaidi alitangulia, kidevu juu. Akasimama kwenye ngazi za mbele, mkono wa kulia tayari ameuinua kuonyesha. Mkono ukabaki hewani. Kulia kulikuwa na kiwanda cha mikate, moshi wake ukipanda taratibu kama mtu asiye na ugomvi na yeyote. Tangi la maji lilikuwa kushoto, limesimama juu ya miguu yake minne, kubwa kama tusi.

"Labda wamelihamisha," fundi baiskeli akasema, akacheka mpaka akashika nguzo.

Mkutubi hakucheka. "Mchoro wako ni mzuri kuliko yote tuliyopokea," alimwambia. "Lakini tuliomba mtaa wetu, na mtaa wetu hauko hivi. Rekebisha, ulete Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ukishindwa, ukuta tutampa mwenzako."

Mwenzake aliitwa Profesa, kwa sababu ya miwani na cheti alichokitundika sebuleni. Mchoro wa Profesa ulikuwa sahihi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu matofali ya kila nyumba. Watu wake tu ndio walisimama kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Kaidi angevumilia kushindwa na mtu yeyote, hata na fundi wa kupaka chokaa. Si na Profesa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Usiku haukumsaidia, lakini Jumatano asubuhi akapata njia. Aliubandika mchoro dirishani, uso ukitazama nje, mwanga ukapenya, naye akaifuatisha mistari kwa nyuma kwenye karatasi mpya. Tangi likaenda kushoto. Cheni ikaenda kulia. Kila kitu kikawa sawa kama hesabu iliyosahihishwa, na kila mtu akafa. Yule mwanamke wa kicheko sasa alionekana ana jino linalomsumbua. Mchukuzi alikuwa mtu tu na mkokoteni. Hakuna mstari uliokosewa, lakini Kaidi aliwatazama kama unavyomtazama ndugu aliyerudi safari na sura ya mtu mwingine.

Alhamisi akabeba kigoda, akaketi kando ya barabara achore upya kwa macho. Mkono ukagoma. Macho yanaona tangi kushoto, mkono unakwenda kulia wenyewe, kama punda anayejua njia ya kwao. Ng'ambo ya barabara fundi baiskeli alimwonyesha kwa kila mteja. "Mnamwona yule? Anatafuta tangi. Akilipata atatuambia."

Ijumaa saa nne asubuhi alibakiwa na saa mbili. Palibaki mahali pamoja tu pa kuuona mtaa wote kwa mkupuo, kutoka tangi hadi kiwanda, ambapo hakuwa amejaribu: mlango wa duka la mama yake. Kaidi akameza kiburi, akakuta kina miba, akameza hivyohivyo. Akaenda. Kwa mlango wa mbele.

"Karibu, mteja," mama yake akasema bila kugeuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya bwana harusi wa kesho, kijana mrefu aliyevaa koti lenye mkono mmoja. "Foleni inaanzia kwa huyu."

"Shikamoo, Mama. Nakaa hapa mlangoni tu, nichore."

"Marahaba. Kaa. Ukiniziba mwanga nakufagia."

Akakaa kizingitini, duka likiwa mgongoni na barabara usoni, michoro yote miwili juu ya magoti. Mama alimwacha robo saa. Kisha akaja, akasimama nyuma ya bega lake, akautazama ule mchoro wa kwanza kwa muda mrefu. Kaidi alingoja sifa. Mama ni mama.

"Mbona wanaume wako wamevaa blauzi?"

"Wapi?"

"Wote. Kinyozi, mchukuzi, huyu mwenye tumbo. Shati la mwanamume, upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Blauzi ya mwanamke ni kinyume. Wewe umewavalisha wanaume wa mtaa mzima nguo za wake zao."

Bwana harusi alijitazama vifungo haraka, asije akawa yumo.

"Na vibao vya maduka vyote vitupu," mama aliendelea. "Umesahau kuandika?"

"Ndivyo ninavyovikumbuka," Kaidi akasema, naye akajisikia mjinga. "Vilikuwa na mikwaruzo tu ya rangi. Havikusomeka."

Mama akainama karibu zaidi. Akatazama mchoro, akatazama ndani ya duka, akatazama mchoro tena. Kisha kicheko kikamwanza tumboni, bila sauti, kikapanda mpaka mabega yakatikisika.

"Mwanangu, umechora kutoka kwenye kioo."

"Kioo gani?"

Akamshika mabega kama anayempima, akamsimamisha, akamgeuza.

Ukuta wa ndani wa duka, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, ulifunikwa na kioo kikubwa cha wateja kujitazama, katika fremu ya mbao iliyopauka. Na ndani ya kioo hicho, nyuma ya kichwa chake mwenyewe, mlango ulikuwa wazi na mtaa ulikuwa ukipita. Tangi la maji lilisimama kulia. Kiwanda cha mikate kilifuka kushoto. Kinyozi alinyoa kwa mkono wa kushoto. Vibao vya maduka vilikuwa mikwaruzo ya rangi isiyosomeka. Ulikuwa mchoro wake, mstari kwa mstari, ila huu ulitembea.

"Hukumbuki?" mama akasema. "Wewe ulikuwa mtoto wa mbio. Ukiona barabara, unaivamia. Mara mbili nilikutoa chini ya mkokoteni. Nikaona huyu ataniua kwa presha. Nikakufunga kiunoni kwa pindo la pazia, nikakufungia kwenye mguu wa meza ya kukatia, mgongo kwa mlango, uso kwa kioo. Nilisema asipoiona barabara ataisahau. Kumbe ulikuwa ukiitazama yote mle ndani! Miaka mitatu, mpaka ulipoanza shule. Mimi nashona, nikiinua macho nakuona kiooni unanitolea ulimi. Tulikuwa tunazungumza humohumo, hakuna aliyemgeuzia mwenzake shingo."

Ikamrudia yote kwa pamoja. Rundo la vipande vya vitambaa alilokalia. Mlio wa pedeli. Kipande cha chaki ya kukatia kilichoanguka chini ya meza, naye akakiokota, akachora kwenye sakafu ya saruji mtu anayesukuma kitu. Yeye, mti ulioota juu ya jiwe.

"Kwa hiyo nilikuwa na mwalimu," akasema.

"Ulikuwa na kamba," mama akamjibu.

Kaidi alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi aliuliza, "Na hiki kioo kilitoka wapi?"

"Cha bibi yako. Alikinunua kabla hajanunua cherehani. Watu wakamcheka, fundi gani huyu ana kioo hana mashine? Akawaambia: mteja hanunui shati. Ananunua yule mtu atakayemwona akishalivaa."

Kaidi akayarudia maneno hayo midomoni, bila sauti. Akauangalia mchoro wake. Mchukuzi hakuwa amekunja uso kwa uchovu, alikuwa akijiona shujaa. Mteja wa kinyozi alikuwa tayari kijana mtanashati, kabla hata wembe haujamaliza kazi. Hakuwahi kuwachora watu wa mtaa walivyo. Aliwachora wanavyojiona wakikatiza mbele ya kioo wakidhani hakuna anayewatazama. Alidhani ni kipaji chake peke yake. Kumbe ni biashara ya ukoo.

Akaruka akasimama.

"Mama! Ule ukuta wa maktaba. Unatazamana na nini?"

"Nitajuaje? Sijaalikwa."

"Dirisha! Dirisha kubwa la barabarani! Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na robo," bwana harusi akasema.

"Mama, niazime kioo."

"Kioo hiki hakijatoka ukutani tangu bibi yako alipofariki. Kikivunjika, wewe ndiye utakayesimama hapa kila siku kumwambia kila mteja amependezaje."

"Nitasimama."

Mama akamtazama. Miaka minne alikuwa akimsikia mwanawe jikoni tu, akifunua sufuria. Akafuta mikono kwenye gauni.

"Na koti langu je?" bwana harusi akauliza. "Mkono wa pili?"

"Mkono ulio nao unatosha kubeba," mama akasema. "Kamata upande ule."

Milango mitatu si safari, lakini iliwachukua nusu saa nzima. Kaidi mbele, bwana harusi nyuma na koti lake la mkono mmoja, mama kando akiamrisha kama nahodha: polepole, jiwe, inueni, nimesema polepole! Mtaa wote ukawa unapita ndani ya kioo kinachotembea, na kila mtu akataka kujiona. Wanawake walijirekebisha vilemba. Mchukuzi aliweka mkokoteni chini katikati ya barabara. "Simameni kidogo," akasema. "Kidogo tu, sijajiona mzima tangu mwaka juzi." Mteja wa kinyozi akatoka mbio na nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, akajitazama, akapiga yowe, na kinyozi akamfuata na wembe, "Rudi! Sijamaliza! Usinihukumu kabla sijamaliza!"

Walipoingia chumba cha kusomea zilibaki dakika chache. Kamati ilikuwa imeshakaa. Profesa naye alikuwepo, amekaa wima, mchoro wake ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Nimeleta marekebisho," Kaidi akasema huku akihema.

Wakakisimamisha kioo juu ya meza mbili za kusomea, kikaegemea ule ukuta mweupe. Kaidi akautandaza mchoro wake wa kwanza pembeni. "Sasa ligeuzieni dirisha mgongo. Tazameni ukuta."

Wakageuka. Dirisha zima likawa mbele yao ndani ya kioo, na barabara, na tangi, kulia. Fundi baiskeli akasogea. Alikiona kibanda chake, na baiskeli aliyokuwa ameiegemeza mlangoni. Akasogea tena.

"Cheni ya baiskeli yangu," akasema.

"Iko wapi?" Kaidi akauliza kwa adabu kubwa.

"Kushoto." Akamgeukia mama wa Kaidi. "Fundi, huna chumvi hapo mfukoni?"

"Ulisema bila chumvi," mkutubi akamkumbusha, na hapo ndipo walipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikubwa kuliko yeye.

Mwalimu hakucheka. "Picha si kioo," akasema. "Mtoto ataketi hapa ajifunze kwamba tangi liko kulia. Tutakuwa tumempotosha."

Kaidi wa Jumanne angepandisha sauti. Kaidi wa Ijumaa alivuta kiti. "Mwalimu, mtoto akiketi hapa kusoma, mgongo wake unaelekea wapi?"

"Dirishani. Mwanga uangukie kitabu. Meza hizi nilizipanga mimi."

"Na barabarani kukiwa na kelele, atafanya nini?"

"Atageuza shingo. Watoto wote hugeuza shingo, nimepigana na shingo za watoto miaka arobaini."

"Huyu hatageuza. Atainua macho tu. Kilicho nyuma ya mgongo wake atakikuta mbele yake, mahali palepale kilipo. Mimi nilifungwa kamba miaka mitatu nisiione barabara, Mwalimu. Na barabara hiyo ndicho kitu pekee duniani ninachokijua kwa moyo."

Mwalimu alikitazama kioo. Akaona kola yake imelala vibaya, akainyoosha. Kalamu nyekundu ikatoka mfukoni, ikazunguka vidoleni, ikarudi ilikotoka.

"Tangi liko kulia," akasema. "Kwa ukuta huu."

Kaidi akampigia mama yake kelele ya furaha kana kwamba yuko ng'ambo ya mto, na mama alikuwa hatua moja kutoka kwake. Bwana harusi akapiga makofi, koti likaachia mshono wa bega. Profesa alikuja taratibu, akatazama kioo, akatazama mchoro, akavua miwani akaifuta. "Idadi ya matofali ukiihitaji," akasema, "ninayo." Na Kaidi, mtu wa kiburi cha watu kumi, akamwambia ataihitaji, kweli ataihitaji, aje Jumatatu.

"Haya, hongereni wote," mama akasema. "Sasa kioo changu kinarudi."

"Mama, nakihitaji wiki tatu."

"Wiki tatu! Wateja wangu wajitazame kwenye sufuria?"

Mkutubi akakohoa. Maktaba ingefunguliwa mwezi ujao, akasema, na chumba hiki kilikuwa kitupu. Akauliza cherehani ina uzito gani.

Jioni ileile cherehani ikapita njia iliyopita kioo, juu ya mkokoteni wa mchukuzi, ambaye alikataa malipo ila alitaka achorwe akiwa mrefu kidogo. Bwana harusi alipata mkono wake wa pili katikati ya rafu tupu za vitabu, akaenda kuoa. Mwalimu alikuja kila asubuhi kuhakikisha mambo yanakwenda sawa, na siku ya nne alikuja tayari kupimwa suruali. Wateja walisimama mbele ya kioo wakijigeuza, na Kaidi, juu ya ngazi, alikuwa akiwanasa humo kabla hawajaondoka.

Siku ya tisa alifika kwa yule mwanamke anayecheka. Alichora shingo, akaifuta, akaichora tena. Akashuka ngazi, akarudi nyuma hatua moja. Halafu, bila kugeuka, akayainua macho kwenye kioo na kumtafuta mama yake pale nyuma, akiwa ameinama juu ya pindo la suruali ya mwalimu.

"Mama, hii shingo imekaa?"

Mama akainua uso. Mdomo wake ulikuwa umejaa pini. "Mm-mm," akasema.

Haikujulikana kama ni ndiyo au hapana. Kaidi akashusha brashi, akangoja pini zitoke mdomoni.